Kusikiliza kwa Meno

"Linagonga," alisema Zdislava, kisha akaniandikia
kwa chaki mlangoni mwa ghala: LINAGONGA,
maana masikio yangu niliyaacha Brno,
kwenye nyundo za kiwanda cha chuma,
kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni la babake.

Trekta lenyewe lilikuwa limenona kwa kung'aa.
Miaka miwili amelifufua: rangi nyekundu,
taa alizozinunua kwa mjane mmoja wa Znojmo,
hata namba ya ushirika ubavuni, kumi na nne,
ameichora upya akiwa amebana pumzi.
Jumamosi ni sherehe ya mavuno.
Jumamosi litapita mbele ya kanisa, likigonga.

Kila ugonjwa una waganga wengi. Hynek wa posta
asema beringi. Mjomba wake asema dizeli mbaya.
Fundi wa Třebíč, kwa simu, asema lilete,
akataja bei, msichana akakata simu.

Mimi nikasema: washa.

Nikashika bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma,
mpini wa mti katikati ya magego.
Ndivyo ninavyosikia siku hizi;
mfupa wa taya bado haujastaafu.
Tumboni kwa injini: ngurumo nene, ng'ombe anayecheua.
Pampu ya dizeli: inanong'ona mambo yake, iache.
Kifuniko cha vali:

ta.

ta.

ta.

Mtu anayebisha dirishani akijua kuwa umo ndani.

Nikahesabu kwa kidole mbele ya uso wake.
Kreki mara mbili, ta mara moja.
Nusu ya mwendo: hiyo ni hatua ya kemshafti.
Nikalegeza nati ya bomba la nozeli, silinda ya pili.
Injini ikachechemea, ikabaki na mguu mmoja,
na ta haikujali hata kidogo.
Hynek akazibua chupa ya bia, akatazama mawingu.

Tukazima. Tukafungua kifuniko,
oili ikanuka kama sufuria iliyosahaulika.
Zdislava akachomeka geji, robo ya milimita,
chini ya roka ya kwanza: ikaburuzika
kama kisu kwenye siagi ya asubuhi.
Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ya nne.
"Zote sawa," midomo yake ikasema.
"Nimezipima mara sita, mara sita!"
Akaigeuza geji huku na huku
kama hirizi iliyomsaliti.

Binti, nikamwambia, geji ni bapa.
Bapa halijui bonde.
Hujilaza juu ya kingo mbili,
ubao juu ya mtaro,
ikakuapia kuwa chini hakuna shimo.

Nikapitisha ukucha chini ya roka ya nne.
Ukucha ukazama.
Pale inapoukanyaga mkia wa vali palikuwa na kikombe,
kidogo, laini, kizuri hata,
kilichochimbwa na mavuno arobaini ya ushirika,
viazi, shayiri, na theluji ya kusukumwa barabarani,
na madereva ambao hakuna aliyewahi kukitazama.
Alikuwa amepaka rangi kila kitu ila hicho.
Mficha uchakavu, kelele humuumbua.

Nikakisugua kwa jiwe la mafuta hadi giza lilipoingia,
yeye ameshika taa, mbu wakitufaidi sote wawili.
Uso ukawa tambarare. Geji ikarudi kusema kweli.

Asubuhi akawasha. Akasikiliza.
Akainua mikono yote miwili,
akaruka matopeni na viatu vyake vya kazini,
na midomo yake ikatengeneza neno
ambalo kwangu halina habari: kimya, kimya.

Nikauma mpini.
Mahali pa ile ta palikuwa pameganda.
Lakini pembeni, upande wa dinamo,
sss, sss,
jembamba kama uzi unaopita tundu la sindano,
lililojificha nyuma ya kaka yake miaka yote hii.

Jumamosi ilikuwa keshokutwa.
Nikatoa mpini mdomoni, nikaufuta mate kwa suruali.
"Kimya," nikasema.